Serva mpya ya saccos: databesi niiweke folda gani?

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Habari za usiku wadau. Naombeni ushauri kabla sijaanza kuinstoli maana nikikosea hapa mwanzoni ntakuja kuhangaika miaka.

Niko Kigoma mjini, naangalia mambo ya kompyuta kwenye saccos moja, wanachama wetu wengi ni wavuvi na kina mama wa dagaa wa Kibirizi na Katonga. Serva iliyopo nimeirithi kwa mtu aliyekuwepo kabla yangu, ni CentOS 7 (aina ya Linux) yenye PostgreSQL 9.6 (programu ya databesi) ambayo aliikompaili mwenyewe kutoka sosi kodi, na kila kitu kiko /usr/local/pgsql. Yaani programu humo, konfigi humo, data iko /usr/local/pgsql/data, logi ziko ndani ya data humohumo, na bakapu za kila usiku nazo ziko /usr/local/pgsql/bakapu. Diski ni moja na partisheni ni moja, leo asubuhi df imeniambia imejaa asilimia 93 na nimeshindwa kula.

Viongozi wamenunua serva mpya, imeshafika kutoka Dar. Ina SSD ya GB 240 ambayo ntaweka Debian 12 (nayo ni Linux), na SSD mbili za GB 960 kila moja ambazo nataka nizifunge RAID 1 (zinaandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inabaki nacho) ziwe za data. Databesi yenyewe sio kubwa, GB 38 tu.

Sasa nimeuliza watu watatu nimepata majibu matatu. Mmoja kasema tengeneza /u01 na /u02 ndo utaratibu wa databesi duniani kote. Mwingine kasema programu zote za kuongezea zinakaa /opt. Wa tatu kasema usiguse chochote, acha apt (amri ya kuinstoli ya Debian) iweke inapotaka. Na mimi kichwani nilikuwa na /home/postgres maana hiyo najua iko wapi. Nisaidieni, na mniambie na sababu, sio folda tu. Sitaki atakayekuja baada yangu arithi nilichorithi mimi.

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Mwangaluka kijana. Swali lako ni zuri, na hiyo hofu uliyonayo kaa nayo itakusaidia.

Nianze na hiyo /u01 kwa sababu nimeishi nayo miaka mingi nikiwa na Oracle kwenye Solaris halafu Linux. Huo utaratibu una jina, unaitwa OFA (Optimal Flexible Architecture, yaani mpangilio wa folda za databesi ya Oracle), aliuandika Cary Millsap alipokuwa Oracle miaka ya mwanzo ya tisini na andiko lake linalojulikana zaidi ni la 1995. Enzi hizo serva kubwa ilikuwa na diski nyingi ndogondogo, kila diski inamauntiwa (inaunganishwa kwenye folda yake) peke yake, na watu walikuwa wanazipa majina kama /oracle au /hesabu, kesho diski ya hesabu imejaa wanahamishia mafaili kwenye /mishahara, mwisho wa mwaka jina la diski na kilichomo havijuani kabisa. Ndio akasema diski zipeni majina yasiyo na maana yoyote, u01, u02, u03, halafu maana iwe ndani kwenye folda za chini. Kwa hiyo programu inakaa /u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1, na data inakaa /u02/oradata na jina la databesi.

Angalia hapo kwenye programu, namba ya toleo imo ndani ya njia. Hiyo ndio roho ya jambo lenyewe. Toleo jipya linakaa pembeni ya la zamani kwenye folda yake, unalijaribu, ukiona sawa databesi inahamia huku, ukiona mambo mabaya unarudi kule ulikotoka, na data haijaguswa kwa sababu haikuwahi kukaa nyumba moja na programu. Sasa rudi kwenye serva yako uliyorithi, ukitaka kuweka toleo jipya utaliweka wapi? Juu ya lile la zamani. Hapo ndipo huyo ndugu aliyetangulia alipokufunga miguu, na wala hakufanya kwa ubaya, ndivyo ilivyo ukikompaili bila kubadilisha chochote, PostgreSQL inakwenda /usr/local/pgsql yenyewe na mifano mingi ya kwenye mwongozo inaweka data hapohapo chini yake.

Kwa hiyo aliyekwambia /u01 kakwambia jina, hajakwambia maana. Herufi u na namba 01 hazina dawa ndani yake. Wewe huna Oracle, huna diski kumi na mbili, una RAID moja. Chukua wazo, majina waachie wenyewe.

Na huyo wa /opt, hata wanaotumia /opt hawaweki data humo. SQL Server (databesi ya Microsoft) ya Linux programu yake iko /opt/mssql lakini data yake iko /var/opt/mssql. Programu ni kitu unachoweza kukipata tena kesho ukiwa na bando. Salio la mama wa Katonga hulipati tena popote.

Binti_Ujiji

Shikamoo mzee, umemaliza upande wa sababu, mimi niongezee upande wa Debian maana ndo ninayoitumia kazini kila siku.

Kaka wa Mwanga, Debian imeshakufanyia hicho anachosema mzee, tena bila wewe kujenga folda hata moja. Ukiinstoli PostgreSQL 15 (ndo inayokuja na Debian 12) programu zinakaa /usr/lib/postgresql/15/bin, konfigi /etc/postgresql/15/main, data /var/lib/postgresql/15/main, logi /var/log/postgresql. Umeona hiyo 15 ilivyo kila mahali? Siku ukileta 17 inakaa pembeni na zote mbili zinaweza kuwaka kwa wakati mmoja kwenye poti tofauti. Na hiyo "main" ni jina la klasta (kundi la databesi linaloendeshwa pamoja kwenye folda moja ya data), unaweza kuwa na nyingine ukaiita majaribio. Ukiandika pg_lsclusters inakuonyesha zote, toleo, poti, inawaka au haiwaki, data iko wapi, logi iko wapi. Atakayekuja baada yako anaandika neno moja tu anajua nyumba nzima.

Kwa hiyo mimi ningekushauri usihamishe data kabisa, hamisha DISKI. Yaani hiyo RAID yako imaunti kwenye /var/lib/postgresql, iandike kwenye fstab (faili la orodha ya diski za kumaunti serva ikiwaka) kwa UUID (namba yake isiyobadilika) sio kwa /dev/md0 maana hayo majina huwa yanabadilika (md0 inaamka siku moja inaitwa md127), halafu ndo uinstoli pakeji. Pakeji itatengeneza 15/main ndani ya RAID yenyewe bila kujua kuna kitu kimebadilika. Ukimaliza angalia tu kwamba /var/lib/postgresql mwenyewe ni akaunti ya postgres, na folda ya data ina ruhusa 0700 (yaani mwenyewe tu ndo anaingia). Hakuna konfigi umegusa, mwongozo wowote wa Debian utakaousoma unafanana na serva yako, na mtu akikusaidia kwa simu usiku wa manane njia anazokutajia ndizo zilizopo.

Na /home hapana kaka. /home ni ya watu, kuna siku mtu atakuja kusafisha akaunti za walioondoka akute postgres haijaingia miezi sita aifute. MariaDB (databesi nyingine) ndo kabisa, huduma yake kwenye systemd (inayowasha huduma za Linux) imefungiwa isione /home, ukiweka data huko haiwaki na utatafuta sababu mpaka jioni.

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Aisee nashukuru sana mzee na dada. Ila dada hapo kwenye kumaunti, mbona nisiimaunti moja kwa moja kwenye /var/lib/postgresql/15/main? Si ndo data ilipo? Naona kama nikiimaunti juu napoteza kitu.

Fundi_Kanyenye (Tabora)

Hapo hapo simama ndugu yangu, usiimaunti pale. Nakuomba. Ngoja nikuelezee kilichonikuta mimi kwa sababu nilifanya hivyohivyo.

Sababu ya kwanza ni ndogo, ukifomati diski kwa ext4 inakuja na folda ya lost+found ndani yake, na initdb (amri inayotengeneza databesi mpya) ikikuta folda sio tupu inakataa, inakwambia kabisa hiyo ni sehemu ya kumaunti tengeneza folda chini yake. Watu wengi wanafuta lost+found wanaendelea, nami nilifuta.

Sababu ya pili ndo iliyonilaza macho. Ilikuwa ofisi moja ya mazao huku, mfumo wa kupokea mzigo na kutoa risiti. Diski ya data niliimaunti moja kwa moja kama folda ya data na kwenye fstab niliweka nofail, nikajua nimefanya vizuri ili serva isigome kuwaka diski ikiwa na tatizo. Na kwenye skripti ya kuwasha niliandika kwamba folda ikiwa tupu basi iendeshe initdb, niliona itanirahisishia siku ya kuinstoli serva nyingine. Umeme ukakatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, asubuhi serva imewaka lakini ile diski haikumaunti. Sasa folda iliyobaki chini yake ni ile ya kwenye diski ya mfumo, na ni tupu. Skripti ikaona tupu, ikatengeneza databesi mpya kabisa, PostgreSQL ikawaka kijani, na programu yetu ilikuwa ikikuta tebo hazipo inajitengenezea. Wakaanza kazi saa mbili asubuhi. Dada wa dirishani akanipigia saa nne kuniuliza mbona risiti zimeanza upya na namba 1.

Nilisimama barabarani nikakaa chini. Data ilikuwepo salama kwenye diski ambayo haijamauntiwa, lakini tayari risiti za masaa mawili zilikuwa zimeingia kwenye databesi ya uongo, na wakulima walikuwa wameshaondoka nazo mikononi zikiwa na namba ambazo zilishatumika zamani. Kuzipatanisha zile ilituchukua siku mbili, moja moja, na wengine tulilazimika kuwafuata vijijini.

Sasa ukiimaunti juu, kwenye /var/lib/postgresql kama alivyosema dada, diski isipokuja basi hakuna 15 wala main, na PostgreSQL inagoma kuwaka. Kugoma ndiko tunakokutaka. Watu watakuja dirishani watasubiri, utapigiwa kelele, lakini hakuna risiti ya uongo itakayotoka. Na mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unasema hivyohivyo, usitumie sehemu ya kumaunti kama folda ya data, shuka chini.

Mimi siku hizi naongeza na hii, kabla diski haijamauntiwa naifunga ile folda tupu kwa amri ya chattr +i, ikishafungwa hivyo hata root haandiki kitu humo mpaka diski ije juu yake.

Binti_Ujiji

Pole sana kaka, hiyo ya namba 1 imenisisimua.

Kuna kitu niongezee hapo ambacho watu wengi hawajui, huduma ya PostgreSQL kwenye Debian ndani yake kuna mstari wa RequiresMountsFor unaotaja /var/lib/postgresql na toleo na klasta. Maana yake kama hiyo njia iko kwenye fstab, systemd inasubiri imaunti kwanza ndo iwashe databesi. Hiyo unaipata bure ukibaki kwenye njia ya kawaida. Ukihamishia data /srv au /data unaikosa, mpaka uiandike mwenyewe kwa systemctl edit postgresql@15-main. Na nofail iondoe, kwenye serva ya pesa diski ya data ikikosekana serva isimame.

Linux_Mwandiga (Kigoma)

Mimi sikubaliani moja kwa moja. /srv ipo kwenye utaratibu wa FHS (mpangilio wa folda za Linux) kwa kazi hiyo kabisa, data ambayo mashine inaihudumia, na faida yake unajua bakapu na kuhama ni folda moja tu. Sisi tunaweka /srv/postgresql na hatujawahi kujuta. Unabadilisha mstari wa data_directory kwenye /etc/postgresql-common/createcluster.conf kabla ya kuinstoli, unaandika /srv/postgresql/%v/%c (%v ni toleo, %c ni klasta), na kila klasta mpya inakwenda huko yenyewe.

Ila kwa wanaotumia Rocky au AlmaLinux kuna mtego mwingine, huko kuna SELinux (ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida). Pakeji za PGDG (za watu wa PostgreSQL wenyewe) zinaweka programu /usr/pgsql-15/bin na data /var/lib/pgsql/15/data, sasa ukihamisha data kwenda njia yako, ruhusa zote zinaweza kuwa sawa, mwenyewe postgres, 0700, na bado ikagoma na permission denied. Inabidi uifundishe kwanza, semanage fcontext -a -t postgresql_db_t "/srv/pgsql(/.*)?" halafu restorecon -Rv /srv/pgsql. Nimeona mtu badala ya kufanya hivyo anazima SELinux nzima, hapana jamani, ni mistari miwili tu. Ubuntu na MySQL ni hivyohivyo ila huko ni AppArmor, unaongeza mstari kwenye /etc/apparmor.d/tunables/alias.

Binti_Ujiji

Sipingi /srv kaka, na hiyo ya createcluster.conf umeisema vizuri. Ila jamaa yuko peke yake pale ofisini na anayemfuata hatujui ni nani. Kila kitu unachobadilisha inabidi mtu akikumbuke. Wewe mna timu.

Linux_Mwandiga (Kigoma)

Hapo kwenye kuwa peke yake nakubali.

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Nimeelewa sasa hiyo ya kumaunti juu. Fundi pole sana na asante kwa kuisema, ningeingia mlemle maana nofail nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi yangu.

Maswali mawili ya mwisho. Je pg_wal (folda ambayo kila badiliko linaandikwa kwanza kabla ya kuingia kwenye data) niitenge kwenye ile SSD ya mfumo ya GB 240 ili iwe haraka? Na kuhama, naweza kukopi tu ile folda ya data kutoka serva ya zamani?

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

La kwanza, usitenge. Kutenga kulikuwa na maana kubwa enzi za diski za kuzunguka, kichwa cha diski kiwe kinaandika mfululizo bila kurukaruka. SSD hazina kichwa. Halafu angalia unachotaka kufanya, data iko kwenye diski mbili zilizofungwa RAID, pg_wal unaipeleka kwenye diski moja isiyo na mwenzake. Hiyo moja ikifa, data yako upande wa pili haiwezi kuamka vizuri bila pg_wal. Umechukua kitu salama ukakifunga kwenye kitu kisicho salama.

Na kwa kuwa umeitaja, kamwe usifute faili kwa mkono ndani ya pg_wal hata diski ikijaa namna gani. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog na watu walikuwa wanaona neno log wanadhani ni logi za kawaida, wanafuta, databesi imekufa. Ndio maana toleo la 10 walibadilisha jina. Wewe una 9.6, bado inaitwa pg_xlog, na umesema diski imefika 93. Usiku ukipata presha ya nafasi ukaiona hiyo folda, iache. Hamisha zile bakapu kwanza ziende kwenye diski ya nje, hizo ndizo zinazokula nafasi, na pale zilipo hazikusaidii maana diski ikifa zinakufa na databesi yenyewe.

Binti_Ujiji

La pili, usikopi folda. 15 haisomi folda ya 9.6 na hata toleo lingekuwa moja bado nisingekushauri, kwa sababu CentOS 7 ina glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ya zamani na kuanzia glibc 2.28 mpangilio wa herufi ulibadilika, sasa indeksi za maneno zilizopangwa kule zinakuja huku zikiwa zimepangwa vibaya na hakuna kosa linaloonekana. Unamtafuta mwanachama kwa jina unaambiwa hayupo na yupo.

Tumia pg_dump (amri ya kutoa nakala ya databesi) ya 15, ile ya kwenye serva mpya, iunganishe kwenye ya zamani kupitia mtandao wa ofisi, na pg_dumpall --globals-only kwa ajili ya watumiaji na pasiwedi zao. GB 38 unamaliza jioni moja. Data inaandikwa upya, indeksi zinajengwa upya.

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Wadau nimerudi kuleta mrejesho, samahani nimechelewa.

Nilifanya Jumamosi baada ya kufunga ofisi. Bakapu za zamani nilizihamishia diski ya nje kwanza, ile asilimia 93 ikashuka mpaka 61, kumbe mzee ulisema kweli. RAID nimeimaunti /var/lib/postgresql kwa UUID, bila nofail, folda ya chini nimeifunga kwa chattr +i. pg_dump imechukua kama dakika hamsini, kurudisha ikachukua muda zaidi ila kufika saa tano usiku ilikuwa imeisha. Nikahesabu wanachama na jumla ya akiba kwenye serva zote mbili, zimelingana mpaka senti.

Halafu nikajaribu kile kisa cha Fundi cha diski kutokuja. Nilizima serva, nikachomoa SSD zote mbili za data, nikaiwasha. Serva ilikataa kuendelea, ikasimama kwenye hali ya dharura inaomba pasiwedi ya root, na hakuna PostgreSQL iliyowaka. Nikazirudisha, ikawaka kawaida, pg_lsclusters inaonyesha 15 main online na njia ileile aliyoandika dada.

Bakapu mpya zinakwenda kwenye mashine nyingine chumba cha mhasibu, na kila Ijumaa nakopi kwenye diski ya nje inayokaa kwa mwenyekiti. Ile ya zamani nimeizima ila sijaifuta, itakaa kabatini mpaka mwisho wa mwezi tufunge hesabu. Na njia zote nne, ya programu, konfigi, data na logi, nimeziandika kwa kalamu kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la serva.

Fundi_Kanyenye (Tabora)

Safi sana. Kwenye hiyo karatasi ongeza na UUID ya RAID.